Nepi za Nasra kwenye barabara ya Kigali

Mashoga zangu, mmeniuliza bombani, mmeniuliza msibani, na Jumamosi iliyopita mmeniuliza harusini nikiwa na sahani ya pilau mkononi. Kila mara nimewajibu, “Safari nzuri, alhamdulillahi,” kisha nikageuza maneno. Safari haikuwa nzuri. Nimechoka kuisema vipande vipande, kila mtu anaondoka na kipande chake, halafu jioni kinanirudia kimeshonewa viraka nisivyovijua. Basi naandika mara moja tu, na Mwajuma mwenye macho mazuri awasomee wengine.

Mnajua nilikokuwa nakwenda: Kigali, mtaa wa Nyamirambo, kwa Bi Zuwena, mama yake mume wangu Salum. Alikuwa hajamwona binti yangu Nasra tangu azaliwe. Na mnajua alichokitaka, maana Salum hana siri. Bi Zuwena alitaka mjukuu abaki kwake. “Kwenu Bujumbura risasi zinalia kila siku,” alisema kwenye simu, “muniletee mutoto nimulee mpaka inchi itulie.” Salum hakusema ndiyo wala hapana. Wanaume wetu hapo katikati ndipo wanapojenga nyumba.

Mimi niliapa mbele ya mama yangu mzazi: naenda na Nasra mgongoni, narudi na Nasra mgongoni. Nitamwonyesha bibi yake mtoto mnene, msafi, asiye na kikohozi wala upele, akose pa kunishikia. Kubaki naye huko haikuwezekana. Mama yangu pale Buyenzi amepooza upande mmoja, na wa kumgeuza kitandani na kumwosha ni mimi. Dada yangu alikubali kunishikia zamu kwa muda mfupi, na alikubali kwa kununa.

Sasa sikilizeni huyo mtoto asiye na upele alivyofika.

Asiatique mpaka barieri

Tulipata nafasi kwenye kamyo, lori la Mzee Rajabu, yule dereva wa Buyenzi aliyekuwa anapeleka ndagala, dagaa wakavu, na mawese Kigali. Mimi na Nasra tulikaa mbele pamoja naye. Ndagala walikuwa nyuma chini ya turubai, lakini harufu yao ilikaa mbele na sisi.

Nepi zangu, au kushi kama tunavyosema nyumbani, zilikuwa za kitambaa, za kukunja pembe tatu na kufunga na pini. Nilizifua kwa sabuni ya unga, nikaziloweka kwenye javeli, dawa ya kung'arisha nguo, mpaka pua ikaniwasha, nikazisuza maji matatu kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani tukiwa wadogo: ya kwanza, ya pili, ya tatu, nguo imetoharika, unaweza kusali nayo. Na maji yenyewe mnayajua, bomba letu wiki ile lilikuwa linatoa upepo. Niliyapima kwa kikombe. Halafu juu ya nepi nikamvalisha mtoto kiloti, chupi ya plastiki yenye lastiki kiunoni na mapajani, na juu ya hiyo nikamvalisha nyingine.

Haya yote ni kwa ajili ya Bi Zuwena. Ninyi hamumjui. Yule mama, mtoto wa jirani akikojoa barazani kwake, baraza zima linapigwa maji, mkeka unafuliwa, na mama wa mtoto anapewa darasa la najisi mpaka achoke. Salum aliniambia kidogo anachokumbuka cha utoto wake kwa mama yake ni kuambiwa “usiguse, nina udhu.” Nikasema, huyu mjukuu wake hatamlowesha hata tone. Nilitaka anipokee mtoto aliye mkavu kwa nje kama kitabu.

Tulifika mwisho wa mji asubuhi, kwenye barieri, kizuizi cha barabara, pale magari yanapopangwa kungoja wanajeshi wa kusindikiza konvwa, yaani msafara. Hakuna aliyepanda mlima peke yake wakati ule, labda awe amechoka kuishi. Tukangoja. Jua likapanda. Mbele wakasema kuna milio huko juu, konvwa itachelewa. Baadaye wakasema haiondoki. Baadaye tena wakasema inaondoka sasa hivi, watu wakaruka kwenye magari, mainjini yakawashwa, yakazimwa. Mimi nilikula mayai ya kuchemsha na mkate mpaka nikachukia kuku.

Nasra alianza kulia adhuhuri. Mama mmoja wa gari la mbele akasema ni meno. Mwenzake akasema ni meno. Mzee Rajabu, ambaye amezaa mpaka amepoteza hesabu, akasema, “Meno hayo, Mama Nasra, mupake asali.” Nikagusa kiloti kwa nje, kukavu. Na mtu ukiona nje kukavu unasema ndani salama. Nepi zilikuwa za kuhesabika, pa kumbadilishia hapakuwepo, wanaume wamejaa kila upande. Nikamwacha.

Alasiri wakatuambia rudini, mje kesho. Nikarudi nyumbani kwangu, mtaa wa Asiatique, nilikoagwa kwa dua na machozi asubuhi ile ile. Salum alinifungulia mlango akacheka, nami nilikuwa sina nguvu ya kumtukana. Nilipomvua Nasra, matako yalikuwa mekundu kama yamepigwa na mvuke wa chungu. Nikamwosha, nikampaka mafuta ya mgando, nikamfunga nepi nyingine ya javeli, kiloti mbili juu. Nilijua upele wa nepi, nani asiyeujua? Nilidhani usafi ukizidi utaondoka.

Bugarama

Siku ya pili konvwa iliondoka kweli. Wanajeshi mbele, wanajeshi nyuma, na katikati sisi na ndagala wetu. Mzee Rajabu alikuwa anasoma Ayatul Kursiyyu kwenye kila kona, na kona za mlima ule zinatosha kumkhitimisha mtu Kurani nzima.

Karibu na Bugarama rejeta ya kamyo ikaanza kutoa moshi. Mzee Rajabu akaitia maji yetu ya kunywa. Ikayanywa yote, ikaendelea kutoa moshi. Konvwa haimngoji mtu. Tuliyaona magari yakitupita moja moja, watu wanatutazama madirishani na kile kisura cha “poleni,” na tulijivuta mpaka kwenye kituo cha wanajeshi pale Bugarama, tukaambiwa hapo ndipo tutakapolala hadi konvwa ya kesho.

Nyinyi mnaoishi chini kwenye joto hamjui baridi ya Bugarama. Ukungu unaingia mpaka kwenye chai. Tulipokelewa na mama mmoja anayeuza karoti na kabichi kando ya barabara, jina lake Spesioza, mwanamke mpana wa sauti na wa mabega. Alitupa chumba cha kuwekea mboga, na akanipikia maharage. Ndani yake aliweka vipande vya nyama, kwa ukarimu, kwa ajili ya mgeni. Mimi sikujua nyama hiyo imechinjwa na nani, nikaanza kuisogeza pembeni kwa kijiko, taratibu, nikidhani hakuna anayeniona. Akaniona. Uso wake ukajikunja. “Watu wa Buja,” akasema, “chakula ya mulimani inawanukia vibaya.”

Mzee Rajabu akaingia kati. “Apana, mama, si vile. Sisi Waislamu, nyama lazima muchinjaji asome jina ya Mungu.”

“Na mi niliisomea wakati wa kuipika!” akasema Spesioza. “Siku ya leo kupata nyama si lazima umushukuru Mungu?”

Tukacheka wote, mimi kidogo, kwa sababu Nasra alikuwa ameanza tena. Spesioza akaniletea viazi vitamu vya kuchoma na maziwa, kisha akamchukua mtoto bila kuniomba, akamlaza kwenye gunia, akavuta kiloti ya kwanza, akavuta ya pili, akafungua nepi.

“Yoo! Mana yanje!” akamwita Mungu wake.

Ngozi ilikuwa imechubuka kwenye mikunjo ya mapaja. Pale lastiki ilipobana palikuwa na mstari mwekundu umezunguka paja zima.

“Huyu unamupika,” Spesioza akaniambia. “Kushi ndani, plastiki juu, plastiki ingine juu. Muache wazi. Sisi tunamushika hivi, anakojoa chini, basi.” Akamshika Nasra mapajani, akamchuchumaza hewani mlangoni, akamfanyia “sssss” kwa mdomo. Nasra akakojoa. Siku zote nilizomlea sikuwahi kujua kwamba mtoto wangu anaelewa lugha hiyo.

Akamwosha kwa maji ya vuguvugu bila sabuni, akampangusa kwa kumgusagusa tu, akampaka samli. Nasra akanyamaza. Na mimi, mashoga zangu, kesho yake asubuhi nikamrudishia nepi na kiloti zote mbili. Mtanishangaa. Lakini nilikuwa naingia kwenye kamyo ya mtu, ubavuni mwake msala wake wa kusalia umekunjwa, na kanzu yake nyeupe ya Ijumaa imetundikwa nyuma ya kiti. Nilimuuliza Mzee Rajabu kama naweza kumwacha mtoto wazi. Alikuna ndevu, maskini, hakutaka kuniumiza.

“Angekuwa mutoto mwanaume wa kunyonya tu, mukojo yake tungenyunyiza maji, kwisha,” akasema. “Lakini huyu binti, na uji anakula. Mi nasali safari hii yote na nguo hii moja, Mama Nasra.”

Nikazifunga lastiki.

Kayanza mpaka Kanyaru

Nepi nilizofua Bugarama hazikukauka. Kule kitu hakikauki, hata machozi. Nilikuwa na fungu la nepi mbichi kwenye mfuko, zimeanza kunuka uvundo, na moja tu kavu. Mzee Rajabu, nadhani kwa kujilaumu, akapata wazo. Akafunga kamba kutoka kioo cha pembeni mpaka kwenye vyuma vya turubai, pande zote mbili, akanisaidia kuzibana nepi kwa pini na vibanio. Konvwa ilipoondoka tukawa tunashuka kuelekea Kayanza, nepi zetu nyeupe zinapiga upepo kulia na kushoto.

Barieri ya Kayanza wakatusimamisha sisi peke yetu. Mwanajeshi mmoja kijana mwenye macho mekundu ya kutolala akaja, akazunguka kamyo yote, akarudi.

“Hii bendera nyeupe ni ya nini?”

“Si bendera, shefu,” Mzee Rajabu akasema.

“Mi naona bendera nyeupe. Mutu anapandisha nyeupe akishindwa vita. Ninyi mumeshindwa na nani?”

“Na mutoto, shefu.”

Yule mwanajeshi akachungulia ndani. Nasra akamtazama, akafungua kinywa, akalia kilio kile cha kupanda tu, kisicho na pumzi katikati. Mwanajeshi akarudi nyuma hatua. Wenzake wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Lakini alipomaliza kucheka akaamuru nepi zitolewe zote, kwa sababu huko mbele kuna watu hawatauliza kabla ya kupiga. Alikuwa na haki. Tukazitoa zikiwa mbichi, nikaziweka mapajani mwangu nizikaushe na joto langu, na hiyo ndiyo nguo niliyomfunga mtoto baadaye: mbichi, yenye javeli, chini ya plastiki.

Pale Kanyaru, mpakani, nitawaruka mambo ya makaratasi. Tulikaa saa nyingi. Nilinunua parachichi na ndizi mbivu, Nasra akakataa vyote viwili, akakataa na titi. Mtoto akikataa titi, mama yake anajua. Nilimgusa paji la uso, moto. Nilimvua nyuma ya kibanda na nikaona damu kwenye nepi, si nyingi, lakini damu. Vipele vidogo vyenye usaha vilikuwa vimepanda mpaka tumboni.

Hapo nilikaa kwenye jiwe nikalia mbele za watu. Sikulia kwa ajili ya upele peke yake. Nililia kwa sababu nilimwona Bi Zuwena, nikamsikia kabisa anavyoniambia: umeniletea mutoto gani huyu, na bado unataka kurudi naye?

Butare

Butare Mzee Rajabu aliegesha kamyo kabla sijamwomba, akanipeleka kwenye duka la dawa. Msichana wa pale aliongea Kinyarwanda na Kifaransa, mimi Kirundi changu kibovu, lakini matako ya mtoto yanaeleweka kwa lugha zote. Akasema moto wa mtoto si mkubwa sana, anyonye, anywe maji, asipopoa apelekwe kwa daktari. Kisha akatoa chupa ya dawa ya zambarau, akampaka yeye mwenyewe kwa pamba, mapaja, matako, tumbo, mpaka mtoto akawa kama amekalia bakuli la wino.

Nikamuuliza kuhusu nepi. Akasema mengi tu, kwa haraka, na nilichoshika ni “ayoze cane,” isuzwe sana. Nikamjibu kwamba mimi nasuza mara tatu. Alinitazama kama mtu ambaye hakuelewa swali.

Tulikula wali na maharage kwenye mgahawa wa Mwislamu mmoja, chakula cha kwanza cha moto kilichonishuka vizuri tangu nyumbani. Tuliporudi kwenye kamyo Mzee Rajabu akaitungua kanzu yake pale ilipotundikwa, akaikunja, akaitia chini ya kiti ndani ya mfuko.

“Mutoe hiyo plastiki,” akasema. “Mi nitajua namna ya kusali.”

Nikamvua kiloti moja. Ya pili sikuthubutu, kwa sababu tulikuwa tunakaribia Kigali.

Nyamirambo

Bi Zuwena alitusubiri mlangoni, mrefu, mweupe wa mtandio, ananukia udi. Alinibusu mkono, nikambusu wake. Akamchukua Nasra kwa mikono miwili kama anapokea Msahafu, akamtazama uso, akasema bismillahi, akasema, “Sura ya Salumu, wallahi,” na machozi yakamtoka. Nasra hakulia. Dakika ile nikadhani nimenusurika.

Akaingia naye ndani kumbadilisha. Nikasema, “Mama, nipe mi nifanye.” Akasema, “Wewe umechoka, kaa.” Nilikaa. Halafu nikasikia mayowe yake.

“Nani amemupiga mutoto huyu?”

Nilikimbia. Alikuwa amesimama kando ya kitanda, nepi imefunguka, na matako ya Nasra yote zambarau iliyoiva, nyeusi kwenye mikunjo. Kwa macho ya mtu asiyejua, yalikuwa matako ya mtoto aliyechapwa mpaka damu ikaganda.

“Ni dawa, Mama. Ni dawa ya vipele.”

“Usinidanganye.”

“Wallahi ni dawa!” Nikachukua pamba, nikailowesha kwa mate mbele ya mwanamke yule wa twahara, nikasugua, pamba ikatoka zambarau. Akaitazama pamba. Akaketi kitandani polepole. Ningependa kuwaambia aliniomba radhi. Hakuniomba. Alisema, “Basi ni vibaya zaidi, maana kipigo kinapona chenyewe,” na mimi nikaona safari yangu imekwisha, mtoto nimenyang'anywa.

Alichukua nepi zangu zote, hata zile kavu, akazitia kwenye beseni la maji safi ya bomba, akazitikisa. Maji yakafanya povu. Akamwaga, akatia mengine, povu. Akaniita nitazame. Akamwaga tena na tena, na mimi nimesimama pale naona sabuni ya Bujumbura inatoka kwenye nepi nilizoziita safi.

“Umesuza mara ngapi?”

“Tatu, Mama.”

“Tatu ni ya sala,” akasema. “Ngozi ya mutoto haijui sala. Hii unasuza mpaka maji yachoke.”

Kiloti za plastiki alizitia motoni jikoni. Zilinuka vibaya sana. Kisha akatandika kanga kwenye jua la ua, akamlaza Nasra kifudifudi, wazi, hana kitu kuanzia kiunoni, akakaa karibu naye kumfukuzia nzi. Jua likipungua akampakata hivyo hivyo, wazi, mapajani mwake, juu ya nguo zake.

Nasra alimkojolea kabla ya magharibi. Nilifumba macho nikingoja darasa. Bi Zuwena aliinuka, akanipa mtoto, akaenda akaoga, akabadili nguo, akasali, akarudi, akamchukua tena. Alimkojolea asubuhi. Akaenda, akaoga, akabadili, akasali. Siku zote zile kamba ya ua wake ilijaa nguo zake kuliko za mtoto. Nikamwambia, “Mama, niachie mimi, wewe una udhu.”

“Udhu unarudi,” akasema. “Maji yapo.”

Na Nasra akapona. Homa ilishuka kwanza, kisha titi akalirudia, kisha ngozi ikaanza kujifunga kutoka pembeni. Zambarau ikafifia. Siku moja nikampitisha kiganja matakoni, laini, na yeye akacheka, nikaona uchungu ambao sikuutarajia. Kwa sababu niliyahesabu kichwani yale yaliyomponya: maji ya bomba yasiyokatika, ua wenye jua, kamba ambayo mtu anaanika nguo na kwenda zake bila kutega sikio mlimani. Sisi kwetu tunaanika tukiwa tayari kukimbia. Mara ngapi nimezikusanya nepi zikiwa mbichi nikajitupa nazo chini ya kitanda?

Kurudi

Simu ya Salum ilikuja kwa jirani. Mabomu yalikuwa yameanguka mjini, moja karibu na soko, vumbi liliingia mpaka dukani kwake. Mama yangu mzima, dada yangu anasema zamu imemshinda, njoo. Kuhusu Nasra akasema, “Fanya wewe unavyoona.” Nilikata simu kabla sijamjibu.

Nikaenda uani kwa Bi Zuwena nikiwa nimejiandaa kwa vita. Maneno yote nilikuwa nayo: mimi ndiye niliyemzaa, mimi ndiye ninayenyonyesha. Alikuwa anakunja nepi. Alizipanga kwenye mfuko wangu wa safari.

“Nimezitoa sabuni yote,” akasema, “nimezichemsha, jua imezipiga. Usizitie javeli tena. Mubadilishe mara kwa mara, usingoje ilowe. Akianza kuwa mwekundu, muache wazi.”

“Mama,” nikasema, “unanipa nirudi naye?”

Akaendelea kukunja. “Salumu nilimupeleka Bujumbura kwa mujomba yake akiwa mudogo. Huku ilikuwa shida, kule ilikuwa shule na duka. Walimulea vizuri, sina neno. Siku aliyokuja kunisalimia aliniamkia shikamoo shangazi. Mama alikuwa mwengine.” Akaifunga zipu ya mfuko. “Nilikuwa nataka kukunyima mutoto huyu. Chukua mwanao, nenda naye.”

Nimeliwaza neno lile kwenye kila barieri, na bado sijui nilivyosema nilichosema. Nilikuja kumpigania Nasra na nimepewa. Nikapiga magoti kwenye saruji, nikamshika Bi Zuwena miguu, nikamwomba mimi. Nikamwambia, “Mama, mubakize. Mubakize mpaka inchi itulie.” Alinivuta nisimame akashindwa, akakaa chini na yeye, tukalia sote wawili mpaka Nasra akatambaa kuja kutazama kuna nini.

Za njia ya kurudi nitawaandikia kidogo, kwa kuwa zilikuwa kidogo. Mzee Rajabu alinipitia akiwa na magunia ya viazi. Alitazama mgongo wangu mtupu, akanifungulia mlango wa kamyo. Kuanzia Butare maziwa yalinijaa mpaka kifua kikawa jiwe, pale Kanyaru yakapasua njia yake yenyewe, nguo ikalowa mbele yote. Bugarama Spesioza alikuja mbio na karoti, akauliza “Akana kari he?” kako wapi katoto, na mimi nikamwonyesha nyuma, barabara tuliyotoka. Akaniwekea mkono begani, akaniacha nikakamulia maziwa yangu kwenye nyasi nyuma ya kibanda chake.

Salum aliponifungulia mlango akasema, “Umefanya vizuri.” Nilimchukia kwa neno hilo, naliandika hapa, akitaka asome. Mama yangu, ambaye ulimi wake nao umepooza nusu, alinitazama mgongoni, akageuza uso ukutani. Nikamwosha, nikamgeuza, nikambadilisha shuka.

Juzi nilikwenda kwenye kibanda cha simu, nikampata Bi Zuwena. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefanya kosa. Nikamwambia, sema, Mama, mtoto mgonjwa? Akasema hapana, ngozi safi, anakula, meno mawili yametoka.

“Ameanza kusema,” akasema. “Ananiita mama. Mi namukatalia, wallahi, kila siku namuambia mi ni bibi, mama yako iko Bujumbura. Hasikii. Ananiita mpaka analia, na mi nakaa kimya simuitiki.”

Nyuma yake nilimsikia. Alikuwa anaita kweli, kwa sauti ambayo sikuijua, sauti ya mtoto aliyekwishakua kidogo.

“Muitike, Mama,” nikamwambia. “Anakuita. Muitike.”